Kwa nini kampuni ya programu inanituza kwa kazi niliyojitolea mwenyewe?

*"Shikamoo mwalimu. Nina duka dogo la steshenari Ngamiani, Tanga. Kwa miaka miwili na nusu nimekuwa nikiwajibu bure, kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji, watu wanaokwama katika programu moja ya mahesabu ya biashara inayotengenezwa ng'ambo. Nilianza kwa sababu mimi mwenyewe ilinihangaisha. Mwaka jana kampuni ilinitumia cheti, fulana na leseni ya mwaka mzima bila malipo, na jina langu likawekewa beji. Nilifurahi sana, ila kaka yangu anasema wananitumia, kwamba kampuni tajiri inakwepa kuajiri. Sasa wameniletea fomu. Wanataka niahidi saa 12 kwa wiki, kwa zamu za jioni watakazozipanga wao, na kila Ijumaa nijaze taarifa ya kazi. Nikikubali, leseni itaendelea na nitaingizwa katika kundi la siri la kujaribu matoleo mapya. Kwa nini kampuni imtuze mtu ambaye hakuombwa? Na je, nisaini?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, lakini nasikia la tatu chini yake, nalo ndilo linalokunyima usingizi: je, kwa miaka miwili na nusu nilikuwa mjinga? Nalianza hilo, kwa sababu jibu lake ni fupi. Hapana. Ulichokifanya kilikuwa na thamani, ulikifanya kwa hiari yako, na kama nitakavyoeleza, sehemu kubwa ya faida yake ilibaki kwako. Fomu uliyoletewa ni jambo jingine kabisa, na kosa ambalo wewe na kaka yako mnakaribia kulifanya ni kuvipima vitu hivi viwili kwa mizani moja.

Nimefanya kazi ya kuhudumia watumiaji wa programu kwa miaka mingi, na katika baadhi ya miaka hiyo nilikuwa upande wa pili wa meza, miongoni mwa wale wanaokaa kuamua ni mjitoleaji gani atumiwe cheti. Kwa hiyo nitakueleza mambo jinsi yanavyoonekana kutoka huko.

Kaka yako amepatia nusu. Kampuni inaokoa fedha, na anayekwambia kwamba tuzo hizi ni ukarimu mtupu hakutendei haki. Mteja anapopiga simu, kampuni inalipia muda wa mfanyakazi kwa ajili ya mteja huyo mmoja, na kesho mwingine akiuliza jambo lile lile inalipa tena. Jibu uliloliandika wewe mara moja, likabaki mahali ambapo kila mtu analiona, linaweza kusomwa na mamia ambao hawatapiga simu kamwe, wala kampuni haitajua kwamba walikuwa na shida. Hapo ndipo fedha inapookolewa.

Nusu aliyoikosa ni hii: kudhani kwamba mfanyakazi wa kuajiriwa angeweza kukaa mahali pako. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza anayenunua kwa tenga, anauza mengine kwa mamia na mengine kwa moja moja, na anataka programu imwonyeshe faida yake, huku ankara ikitoka na namba ya mlipakodi na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, nayo ilingane na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mhandisi aliyeitengeneza programu hiyo, akiwa ng'ambo, hajawahi kuliona tenga. Anaweza kuwa hodari kuliko mimi na wewe kwa pamoja, na bado asijue swali linauliza nini. Wewe unajua kwa sababu wateja wa aina hiyo wanaingia dukani kwako, unajua umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi ankara kinatokea nini, na unalieleza jambo hilo kwa Kiswahili ambacho muulizaji anakielewa. Ujuzi huo kampuni haina mahali pa kuununua ukiwa tayari. Unaota tu pale ambapo programu inatumika.

Kuna na imani. Msemaji wa kampuni akisema programu haina kasoro, mteja anamsikiliza kwa tahadhari, kwa kuwa anajua nani anamlipa. Wewe ukisema, "Sehemu hii ina kasoro, lakini pitia njia hii utavuka," anakuamini. Na unapoieleza kasoro ile ile mara kumi kwa watu kumi, wahandisi wanaosoma majibu yako wanapata taarifa ambayo wasingeipata mapema hivyo kwa njia nyingine. Ndiyo sababu kampuni nyingi huwaita wajitoleaji wao bora kuonja matoleo mapya kabla hayajatoka.

Bado hilo halielezi kwa nini wakutuze, kwani ulikuwa unajibu hata kabla ya cheti. Ukweli ni kwamba watu wanaojibu ni wachache mno. Mahali popote pa namna hii nilipowahi kufanya kazi, umati huja na swali moja, ukipata jibu unaondoka, na ule msemo wetu wa Tanga wa waja leo waondoka leo unawafaa hasa. Wanaobaki kujibu mwezi baada ya mwezi unaweza kuwahesabu kwa majina. Watatu kati yao wakichoka kwa wakati mmoja, maswali hulala bila majibu, na muulizaji aliyepuuzwa mara mbili haji mara ya tatu. Kampuni haikutuzi ili uanze, kwa kuwa ulishaanza. Inakutuza usiondoke, na wengine wakuone.

Hilo la kuonekana sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Neno tuzo ni ndugu wa kutuza, na kutuza tunakujua kwenye taarabu: mtu anainuka mbele ya wote, anamwendea mwimbaji huku akicheza, anampa noti mkononi ukumbi mzima ukitazama. Noti ile si mshahara wa mwimbaji. Haikupangwa wala haikuahidiwa, na angeimba hata kama mtu huyo asingeinuka. Thamani yake ni kwamba imetolewa hadharani, kwa jambo ambalo tayari limefanyika. Beji iliyowekwa kando ya jina lako inafanya kazi hiyo hiyo: inamwambia mgeni kwamba neno la mtu huyu lina uzito, na inakwambia wewe kwamba kuna anayeona.

Mpango mkongwe unaojulikana sana wa aina hii, ule wa Microsoft uitwao MVP (Most Valuable Professional), umejengwa juu ya msingi huo. Ulianza mwaka 1993, wakati watumiaji walipokuwa wakisaidiana kupitia CompuServe, huduma ya mtandao ya enzi hizo. Tuzo yake hutolewa kwa mchango uliokwisha kutolewa, hudumu mwaka mmoja, na mtu huangaliwa upya kila mwaka. Haimpangii mjitoleaji zamu. Inatazama nyuma. Ishike tofauti hiyo mwanangu, kwa sababu tutairudia tutakapofika kwenye fomu yako.

Labda utauliza, kama wanajua thamani yangu, kwa nini wasinipe fedha tu? Fikiria shughuli ya harusi mtaani. Mama aliyekesha akipika pilau la jirani yake, asubuhi akipewa doti ya kanga anashukuru na anaikumbuka miaka. Mpe shilingi elfu tano badala yake, ukimwambia hii ni ya kazi ya usiku, na utakuwa umemgeuza mpishi wa kukodi, tena wa bei rahisi. Safari nyingine hataangalia udugu. Ataangalia elfu tano, na ataona haitoshi. Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walionyesha jambo linalofanana na hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000. Katika vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, walianzisha kwenye baadhi ya vituo faini ndogo kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto wao. Badala ya kupungua, uchelewaji ukaongezeka hadi kukaribia mara mbili, na faini ilipoondolewa haukurudi ulipokuwa. Aibu ya kumweka mwalimu akisubiri ilikuwa imegeuka bei, na bei ikishalipwa aibu haipo.

Nami nimelishuhudia hilo kazini. Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi tulianza kutoa alama kwa kila jibu, na alama zikawa zinabadilishwa kwa vocha. Ndani ya wiki chache majibu yalikuwa mengi na mafupi, mengine yamenakiliwa kutoka kwingine, na wawili kati ya watu wetu bora kabisa wakaacha kimya kimya. Nilimwandikia mmoja wao kumuuliza sababu. Alijibu kwamba zamani alikuwa akishukuriwa, na sasa anahesabiwa. Sijalisahau neno hilo.

Hata hivyo, sitaki uamini kwamba fedha huharibu kila mara. Kampuni ya simu ya giffgaff ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2009, imeacha sehemu kubwa ya huduma kwa wateja wake mikononi mwa wateja wenyewe, na inawapa alama zinazolipwa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kama salio, fedha taslimu au sadaka kwa taasisi ya hisani. Jina lenyewe ni neno la Kiskoti lenye maana ya kupeana, nipe nikupe. Nadhani mpango huo umesimama kwa sababu kanuni ilitangazwa tangu mwanzo, ni moja kwa wote, na hakuna anayepangiwa saa. Tatizo huja pale tuzo inapoanza kuja na amri.

Hapo ndipo tunafika kwenye kisa unachopaswa kukijua kabla ya kugusa kalamu. Katika miaka ya 1990, AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, ilikuwa na maelfu ya wajitoleaji waliosimamia kumbi zake za mazungumzo na kuwasaidia wateja. Mwanzoni zawadi yao ilikuwa kutumia huduma bila kulipia saa, jambo lenye thamani kubwa wakati intaneti ililipiwa kwa saa. Mwaka 1996 AOL iliweka ada moja ya mwezi kwa kila mteja, na thamani ya zawadi ile ikashuka ghafla. Lakini majukumu hayakushuka: mafunzo, zamu, idadi ya chini ya saa kwa wiki, na taarifa za kujaza. Mwaka 1999 baadhi yao walifungua kesi wakidai kwamba, kwa masharti hayo, walikuwa wafanyakazi waliostahili kima cha chini cha mshahara. Kesi ilikwenda kwa zaidi ya miaka kumi na ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 15 mwaka 2010. Mwaka ule ule ilipofunguliwa, Microsoft nayo ilitangaza kuufuta mpango wake wa MVP, kisha ikaurudisha siku chache baadaye wajitoleaji wenyewe walipopinga.

Sasa isome tena fomu yako. Saa 12 kwa wiki, zamu wanazozipanga wao, taarifa kila Ijumaa. Cheti cha mwaka jana kilitazama nyuma, kwa kazi uliyoifanya ukitaka. Fomu hii inatazama mbele na kukuagiza. Kwa maoni yangu, na ninayasema kwa uzito, wanachokuomba ni kazi ya ajira ya muda, na malipo wanayotoa ni leseni.

Kwa hesabu, saa 12 kwa wiki ni takriban saa 52 kwa mwezi. Sheria yetu ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili ambazo hata moja ikiwepo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kwamba saa zake za kazi zinaongozwa na mwingine, namna anavyofanya kazi inasimamiwa na mwingine, au amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Usichukue maneno haya ukadhani umeshinda kesi. Kampuni iko ng'ambo, huenda masharti yake yanataja sheria ya nchi nyingine, na kudai haki kuvuka mpaka ni safari ndefu na ya gharama. Nimekutajia sheria hiyo ili ujue kwamba wasiwasi wako una msingi hata katika vitabu vya nchi yako.

Nilikuahidi kueleza kwa nini faida kubwa ya miaka yako ilibaki kwako. Watafiti Karim Lakhani na Eric von Hippel walichunguza watu waliokuwa wakiwajibu bure watumiaji wa programu ya kuendeshea tovuti iitwayo Apache, wakachapisha matokeo yao mwaka 2003. Walikuta kwamba takriban asilimia 98 ya muda wa watu hao ilitumika kusoma maswali na majibu ya wenzao, na walisoma kwa sababu walikuwa wakijifunza humo mambo ya kazi zao wenyewe. Kuandika jibu lenyewe kulikuwa ni dakika chache, kwa kuwa mara nyingi mtu alijibu kile ambacho tayari alikijua. Jipime kwa kipimo hicho. Mteja anapoingia dukani kwako leo na programu iliyokwama, unamaliza shida yake kwa muda gani, na miaka mitatu iliyopita ingekuchukua muda gani? Tofauti hiyo ni mali yako, na hakuna anayeweza kukupokonya kwa kukufutia beji.

Cheti chenyewe kina thamani, lakini ya kiasi. Ukiomba kazi kwa mtu anayeijua programu hiyo kitakufungulia mlango. Kwa asiyeijua ni karatasi tu. Kuhusu leseni, jiulize swali moja: isingekuwa ya bure, ungeinunua kwa bei kamili? Kama ndiyo, ihesabu bei hiyo kuwa faida yako. Kama hapana, usiruhusu bei iliyoandikwa kwenye tovuti yao ikutie deni la shukrani.

Kwa hali yako, mimi ningefanya hivi. Ningeendelea kujibu kama zamani, kwa saa ninazozitaka, na nisione haya kupumzika mwezi mzima. Fomu ningeirudisha bila saini, pamoja na barua ya adabu inayoshukuru kwa tuzo, inayosema kwamba niko tayari kuendelea bila kuahidi saa wala zamu, na kwamba kama wanahitaji mtu wa zamu za jioni niko tayari kuzungumzia mkataba wa kulipwa. Wakikubali, vizuri. Wakikataa na kukuondolea leseni, utakuwa umepoteza leseni na umebaki na saa zako 52 za jioni kila mwezi. Inawezekana pia wakakaa kimya na mambo yakaendelea kama yalivyokuwa, na nimeona hilo likitokea mara nyingi zaidi ya watu wanavyodhani, maana fomu hizi mara nyingi huandikwa na afisa mmoja anayetaka ratiba yake ikae sawa.

Njia nyingine ni kuutenganisha msaada wa bure na msaada wa kulipia. Swali linalojibika kwa maelezo, lijibu bure mbele ya wote. Anayetaka uje dukani kwake Chumbageni au Pongwe ukae naye saa tatu kupanga bidhaa zake, huyo ni mteja, na atoe ada. Wengi watafurahi kulipa, kwa sababu tayari wanaijua kazi yako.

Kundi la siri lichukulie kwa uangalifu. Mara nyingi kuingia humo ni kutia saini mkataba wa kutotoa siri, na mkataba huo unaweza kukuzuia kuwaeleza wateja wako mambo unayoyajua. Soma pia masharti yanayosema nani ana haki juu ya maandishi yako. Siku hizi majibu ya wajitoleaji hutumika kufundishia mifumo ya akili mnemba. Mwaka 2024 Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilipoingia makubaliano na OpenAI, kampuni ya akili mnemba, baadhi ya waliokuwa wakijibu humo walijaribu kuyafuta majibu yao ya zamani kwa hasira na akaunti zao zikasimamishwa. Sikwambii uache kuandika. Nakwambia ujue kwamba ulichokitoa kwa masharti hayo hukirudishi kirahisi.

Na jambo dogo ambalo hukuliuliza. Watu wakikutumia picha za skrini zenye majina, namba za simu au namba za mlipakodi za wateja wao, waambie wazifiche kwanza, na nenosiri usilipokee kamwe hata ukiombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitofautishi kwa upole kati ya aliyelipwa na aliyejitolea.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama umekwisha kufanya zamu kwa maagizo yao, hata bila saini, au kama fomu ina kifungu cha kutotoa siri, fidia au sheria ya nchi ya kigeni, usiamue kwa ushauri wa mtu ambaye hajaiona karatasi yenyewe. Nenda kwa Afisa Kazi hapo hapo Tanga, na kwa kifungu cha siri mtafute wakili akisome neno kwa neno. Chukua fomu yote, barua pepe zote walizokuandikia tangu siku ya kwanza, na orodha ya saa ulizofanya kadiri unavyozikumbuka. Umwombe kaka yako akusindikize, kwa kuwa amekuwa na wasiwasi kwa ajili yako na ni haki yake asikie jibu kutoka kwa mwenye mamlaka ya kulitoa.